Jambia, Shela na Somo la Jumamosi

Mahir Sheikhan,
Kwa Ami Twahir (kwa muda tu, inshallah),
Magogoni, Kisauni.

Jumanne, baada ya alasiri

Kwa Bi. Jumwa Masha,
Mwalimu wa Darasa la Wanawake la Kujilinda,
Ukumbi wa Jamii, Magogoni.

Mwalimu mheshimiwa,

KUH: DARASA LAKO LA JUMAMOSI, NDOA YANGU YA IJUMAA, NA BEGA LANGU LA KULIA

Kwanza nakusalimu kwa heshima zote, wewe na watu wa nyumbani kwako. Natumai u mzima. Mimi si mzima sana, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Usishangae ukiona herufi zimelala upande kama walevi. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kwa kanga ya mama yangu, na habari zake utazipata katika lalamiko la tano.

Hunijui kwa sura, ingawa mimi nakujua. Ni karani katika yadi ya makontena kule Changamwe, mtu wa makaratasi, mpole. Sijapigana tangu nilipokuwa madrasa, na hata huko nilipigwa. Mimi ndiye mume wa Wardah, yule mwanafunzi wako anayefanya kazi duka la dawa, anayesimama safu ya mbele karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika. Nasema mume kwa sababu nikaha ilisomwa Ijumaa msikitini na mashahidi wapo. Lakini leo ni Jumanne, na tangu Ijumaa sijakaa na mke wangu chumba kimoja hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Chanzo chake ni wewe, Mwalimu, na nasema hivyo kwa adabu.

Wala usidhani nimekurupuka. Darasa lako nimelifuatilia kwa makini Jumamosi nyingi nikiwa nje ya dirisha hilo hilo, kwa nia njema ya kukusanya ushahidi. Nilikuwa nimegeuka upande kwa heshima ya kina mama, nikisikiliza zaidi kuliko kutazama. Baada ya kusikiliza huko, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kuhusu umbali wa mikono miwili.

Unawafundisha kwamba mtu yeyote anayewakaribia asimamishwe umbali wa mikono miwili, ataje jina lake, aseme shida yake, na aonyeshe viganja vyake. Mtu mwema, unasema, haoni taabu kuonyesha mikono. Kwa wageni nalikubali. Lakini mimi nilikuwa mchumba.

Nilikwenda kwao kabla ya harusi, kwa ruhusa, mama yake akiwa amekaa pale pale anachambua mchele. Nilikuwa na pakiti ya halua nimeificha nyuma ya mgongo ili nimfurahishe. Wardah akanyoosha kiganja mbele yangu na kusema, "Simama papo hapo. Jina?" Watu tuliokwisha kuposana, Mwalimu, mahari imeshajadiliwa na wazee wameshakula pilau. Nikataja jina langu. Akauliza shida yangu. Nikasema shida yangu ni halua. Akasema nionyeshe mikono. Mama yake alicheka hadi sinia la mchele likapinduka, na Wardah mwenyewe alikuwa akicheka, lakini kile kiganja hakukishusha mpaka alipoiona halua kwa macho yake. Hata askari wa lango la bohari ya mafuta, jirani na kazini kwangu, aliye na bunduki, hunipungia tu nikapita.

2. Kuhusu sauti.

Mama yangu, Bi Zubeda, ndiye aliyenichagulia Wardah, na sifa ya kwanza aliyoitaja ilikuwa sauti. Alisema ni msichana ambaye sauti yake haivuki pazia. Wewe sasa unawafundisha kuitoa tumboni, si kooni. (Hapo nakubali kwamba ya kooni hukwaruza na haifiki mbali. Nimejaribu.)

Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi, darasa zima lilipaza sauti pamoja: Rudi nyuma! Nje alikuwa akipita Mapenzi, muuza maji, na mkokoteni wake umejaa mitungi. Mapenzi ni mtu mtiifu. Alirudi nyuma. Alirudi nyuma hadi akaingia na mkokoteni wote ndani ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi kwa kushtuka akapitisha mashine mahali ambapo haikuitwa. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alitoka na upara wa upande mmoja. Mteja huyo ni Ami Twahir, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye kwake ndiko ninakolala sasa. Kila asubuhi akimaliza kujitazama kwenye kioo hunitazama na mimi.

3. Kuhusu kidole gumba.

Hii ni mbinu nzuri mno, na ndiyo maana nailalamikia. Unawaambia kwamba mtu akikushika kifundo cha mkono, usivute kwa nguvu, maana hapo mnashindana misuli na wewe huna. Tafuta kidole gumba chake kiko wapi, kwa kuwa hapo ndipo kishiko kina mwanya. Geuza mkono wako, ubavu wake mwembamba uelekee pale, kunja kiwiko, utoke. Uzito uwe mguu wa nyuma, si wa mbele kama wengi wanavyokosea, hasa yule mama wa dera la kijani.

Matokeo yake ni haya. Makanga wa steji yetu wana desturi ya kumshika mkono mama aliyebeba mzigo na kumpeleka kwenye gari lao, kana kwamba ni mama yao mzazi aliyepotea. Mmoja akamshika Wardah. Wardah akatoka kupitia gumba, na kijana, aliyekuwa amevuta kwa nguvu zake zote, akabaki anavuta hewa, akaenda kinyumenyume na kukaa ndani ya beseni la viazi karai la Dama, muuzaji wa hapo steji. Hakuumia, kwa kuwa viazi vilikuwa vimepoa, lakini ukwaju ulimfika hadi ndani ya kola. Dama alimlipisha beseni zima.

Tangu siku hiyo makanga husimama mbali na kusema, "Mama, ukipenda, gari liko tayari." Wanawake wanafurahi. Na mimi je? Mimi nilizoea kuvutwa. Ni namna ya kujua kwamba mtu anakutaka. Sasa nikifika steji wanaambiana huyo ndiye mwenye Wardah, wanasogea pembeni kwa heshima, na gari linaondoka bila mimi. Nimechelewa kazini kwa sababu ya adabu.

4. Kuhusu kalenda yako.

Huenda kwenu mambo ni mengine, kwa hivyo nieleze. Sisi bibi harusi huwekwa ndani siku kadhaa kabla ya harusi. Husingwa kwa liwa ya msandali, hufukizwa udi, haonekani na watu wala na jua. Wardah aliwekwa ndani kama inavyotakiwa. Kisha Jumamosi ile ya kabla ya harusi akavaa buibui la mama yake, akasema anakwenda kupimwa nguo kwa fundi, na akaja kwako. Nilimtambua kwa namna alivyoweka uzito mguu wa nyuma. Nikageuka upesi, kwa sababu sikupaswa kumwona.

Sasa nakuuliza, Mwalimu: katika Jumamosi zote za mwaka, kwa nini siku hiyo ndiyo ulichagua somo la kisu? Nyevu, rafiki wa Wardah, muuza samaki wa kukaanga, alishika mwiko wa kusongea sima akawa ndiye mwizi. Ukasema: usikitazame kisu, utazame mkono. Ukamate kabla haujanyooka. Zungusha kiuno, mlaze chini, kitupe kisu mbali. Kisha usisimame kutazama kazi yako. Kimbia, ingia ndani, funga mlango, na usifungue kwa kubembelezwa. Mkarudia, mkarudia, wakaangushana juu ya ile saruji yenu isiyo na kitu ila mkeka mmoja, hadi ukatangaza kwamba sasa mwili unajua wenyewe na kichwa kisihangaike.

Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu. Nililifurahia, hata. Nilikuwa mjinga.

5. Kuhusu Ijumaa.

Baada ya nikaha, bwana harusi hupelekwa nyumbani kwa bibi harusi kwenda kutoa mkono. Huwekwa mbele ya mkewe, humwekea kiganja cha kulia kwenye paji la uso, husoma dua, kisha humshika mkono. Hapo ndipo sisi tunaona kwamba ndoa imekamilika machoni pa watu. Nilivaa kanzu, joho la mapambo ya dhahabu na kilemba, na kiunoni nikachomeka jambia, kile kisu kilichopinda. Jambia ni pambo tu. Nililiazima kwa Ami Twahir, naye alilirithi, na lina kutu kiasi kwamba halitoki kwenye ala hata kwa mafuta ya nazi.

Kina shangazi walinizuia mlangoni kama kawaida, wakanitania, wakanipitisha. Chumba kilijaa wanawake na moshi wa udi hadi macho yakaniwasha. Wardah alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, asumini kila mahali, na shela limemfunika kichwa na uso hadi kifuani.

Mtu aliye chini ya shela haoni uso wa anayekuja. Nimelifikiria jambo hili sana tangu Ijumaa, nikiwa nimelala chali. Huona kwa chini tu. Alichokiona Wardah ni miguu ya mwanamume, mpini wa jambia, na mkono wa kulia unaomjia usoni. Nilipaswa kutoa salamu kwa sauti ili ajue ni mimi. Wallahi niliitoa, lakini nilikuwa na furaha na hofu pamoja, ikatoka kooni. Vigelegele viliimeza.

Kilichofuata kilikwenda vizuri kabisa, na kama ungekuwepo ungempa alama zote. Mkono wangu ulikamatwa kabla haujanyooka. Kiuno kilizunguka. Joho langu lilifunguka hewani, kilemba kikaenda chini ya kitanda, nami nikalazwa juu ya mkeka wa harusi bila kugusa hata chetezo cha udi. Jambia lilichomolewa kiunoni pamoja na ala yake likatupwa mbali. Lilitua mapajani mwa mama yangu. Kisha ikaja sauti, kutoka tumboni: Rudi nyuma! Ngoma ikanyamaza nje. Wapishi wa biriani uani wakaziacha sufuria wakasogea ukutani. Nasikia Mapenzi, aliyekuwa akileta maji, alikwisha kufika barabara kuu.

Kabla hajakimbia nilimwona. Shela lilikuwa limepeperuka, na macho yake yalikuwa yakinitambua polepole, yakizidi kuwa makubwa. Sijawahi kuona mtu mzuri vile, na bega langu limeteguka. Niseme ukweli: nilicheka. Nilicheka pale chini kwa moyo wote.

Bahati mbaya nilicheka peke yangu. Ami Twahir, aliyenisindikiza na aliyekuwa amesimama mlangoni, kilemba chake kimefunika ule upara, alisema mbele ya watu wote, "Mke gani huyu?" Wardah alilisikia neno hilo akiwa anampita. Aliingia chumba cha mama yake, akapiga komeo.

Tangu hapo kina shangazi wamegawanyika. Wa upande mmoja wanasema mkono umetolewa, kwa kuwa bibi harusi aliushika mkono wa bwana harusi mbele ya mashahidi, tena akaushika sana. Wa upande wa pili wanasema mkono hutolewa kwa mbele, si kwa kupinduliwa nyuma ya mgongo. Imamu ameulizwa. Amesema nikaha imesimama, na mambo ya mabega yapelekwe hospitali.

6. Kuhusu yaliyobaki.

Fungate ni siku saba tu, Mwalimu, na sasa zimebaki chache. Chakula cha maharusi kinaletwa kila siku kama ilivyo desturi, sahani zimefunikwa kwa kawa, nami nakila peke yangu kwa Ami Twahir, kwa kijiko, yeye akinitazama. Kanzu ya harusi hainiingii tena.

Mama yangu ametoa sharti. Wardah aape mbele ya wanawake kwamba ameliacha darasa lako maisha, la sivyo hataupita mlango wa nyumba yetu. Wardah hutuma maneno kwa mdomo wa Nyevu, ambaye huyaleta pamoja na samaki. Anasema ananiomba radhi kwa bega, na amelia kwa ajili ya bega, lakini hataapa. Anasema pia kwamba kama watu wetu wanamwona ni "mke gani huyu", basi labda na mimi namwona hivyo, na mlango haufungui kwa ajili ya mtu anayemwona hivyo. Mimi nimejibu kwamba simwoni hivyo. Lakini maneno yakipita kwenye kikaango cha Nyevu hufika yamekauka.

Mama hajui kwa nini Wardah alijiunga na darasa. Mimi najua. Alipokuwa akirudi kutoka dukani wakati wa magharibi, mimi ndiye niliyekuwa nikimlinda. Nilimlinda kwa simu. Nilimpigia kila siku kutoka Changamwe nikaongea naye hatua kwa hatua hadi afike kwao, tukidhani sauti ya mwanamume sikioni inatosha kuwa ulinzi. Jioni moja nilisikia kishindo, nikamsikia akilia, kisha kijana mmoja aliyempokonya akaniambia ndani ya simu hiyo hiyo, "Buda, atakupigia baadaye." Ikakatika. Nilikuwa nyuma ya msururu wa malori, simu iko mkononi, na sikuwa na la kufanya. Nilimchukia yule kijana, na nilijichukia mimi zaidi. Aliporudi kazini magoti yake yalikuwa na plasta, na jioni ilipofika alikaa dukani hadi mama yake aende kumchukua. Hivyo hivyo kila siku, mpaka alipokuja kwako. Wiki ya tatu ya masomo yako alirudi nyumbani peke yake.

Hayo si lalamiko. Nimeyaandika kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi.

Kwa hivyo, baada ya kupima mambo kwa utulivu, naomba yafuatayo:

(a) Ulifunge darasa. Hoja yangu ni nyepesi. Pasipo darasa hakuna la kuliapia kuacha. Pasipo kiapo hakuna ugomvi. Pasipo ugomvi mlango utafunguka. Kina mama wote wa Magogoni warudi kuvutwa steji kwa muda mfupi tu, mpaka mimi nimalize fungate.

(b) Ikiwa haliwezi kufungwa, basi lipunguzwe. Wafundishwe kuwapiga wezi wasiovaa kanzu.

(c) Ikiwa haliwezi kupunguzwa, uje mwenyewe umtoe Wardah mbinu ulizomtia, moja baada ya nyingine, ukianza na ya kiuno. Ile ya gumba unaweza kumwachia.

(d) Ikiwa hazitoki, uniandikie hati yenye muhuri wa ukumbi kuthibitisha kwamba mimi, Mahir Sheikhan, si adui, niwe nikiipitisha chini ya mlango kila ninapotaka kuingia kwangu.

Natumai utaona kwamba sikuomba makubwa. Nisalimie watu wako wote wa nyumbani. Msalimie Nyevu, na umwambie samaki walikuwa na chumvi ya kutosha. Msalimie mama wa dera la kijani, na umkumbushe mguu wa nyuma. Mwombee radhi kinyozi kwa niaba yetu sote. Ukimwona Mapenzi popote alipo, mwambie anaweza kurudi.

Ni mimi mwenye bega, na mwenye heshima nyingi kwako,

Mahir Sheikhan

Nakala: Mama yangu, Ami Twahir (aya zisizomtaja).

Nyongeza, Jumatano, kabla ya adhuhuri

Mwalimu, barua hii ilichelewa kwa sababu mama alikuja hapa kwa Ami jana usiku, akaitaka kwanza airekebishe Kiswahili. Haamini kuna mtu mwingine Kisauni nzima anayekijua. Alisoma lalamiko la kwanza kalamu mkononi. Alisoma la pili akarekebisha neno moja. Alipofika la tatu aliiweka barua kando ya sinia la chai, akavua miwani, akanipa mkono wake. Akasema nimshike kifundo, ili ajue barabara ni kitu gani anachokikataza.

Nikamshika kwa mkono wangu mzima. Akauliza gumba liko wapi. Nikamwonyesha. Akatoka. Akaniambia nimshike tena, kwa nguvu, nisimwonee haya. Akatoka tena, na mara hii chai ikamwagika juu ya Ami Twahir. Kisha alikaa kitako, akiutazama mkono wake mwenyewe. Akasema kwamba tangu akiwa msichana, kila anapokwenda sokoni, kuna mtu anayemshika mkono huo akamvuta anakotaka mtu huyo, na siku zote ameona aibu kusema kwamba hapendi. Sikuwahi kulijua hilo. Nilidhani mama yangu haogopi kitu.

"Muate mwana wa watu asome," akasema. "Na umuulize mwalimu wake kama pana nafasi ya wenye maumivu ya magoti."

Basi sharti limeondoka. Ami Twahir naye ameombwa aende kwa kina Wardah akalifute neno lake. Amesema atakwenda nywele zikishaota, lakini mama alimwomba na yeye amshike kifundo, naye akakubali kwenda leo.

Mimi sikumngoja. Asubuhi nilivaa shati na kikoi, jambia nikaliacha kwa Ami, nikaenda. Sikwenda mlangoni ambako watu wanabembeleza tangu Ijumaa. Nilikwenda dirishani kwa upande wa nje, nikapima umbali wa mikono miwili, nikasimama. Nilinyanyua viganja vyangu, cha kushoto juu, cha kulia hadi pale bega liliponiruhusu. Nikatoa salamu kutoka tumboni. Kuku wa jirani wote waliruka, lakini ilifika.

Pazia likasogea. Kisha nikasikia, "Jina?"

Nikasema Mahir.

"Shida yako?"

"Nimekuja kutoa mkono," nikasema. "Ule wa kwanza sikuumaliza."

Komeo likafunguliwa, Mwalimu. Alitoka mpaka barazani, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimefungwa ovyo, na hina bado imekolea. Alinitazama viganja, kimoja kimoja, kama ulivyomfundisha. Alilitazama bega akataka kulia tena, nikaanza kucheka, na yeye akaanza, na mama yake aliyekuwa akichungulia akaanza, hadi Nyevu alipotokea na samaki akatukuta hivyo. Shangazi wa upande wa pili waitwe waje waone; safari hii ilikuwa kwa mbele.

Kwa hivyo tafadhali puuza lalamiko la kwanza hadi la sita, pamoja na maombi (a), (b), (c) na (d). Nabaki na moja tu, lile la saruji. Mtu hawezi kuangushwa juu ya mkeka mmoja kila wiki. Tumetunzwa magodoro mawili ya harusi. Jumamosi tutakuletea moja, na la pili tuna kazi nalo. Bega likipona, mimi najitolea kuwa ndiye anayeangushwa. Kanzu ninayo, joho ninalo, na mpini wa jambia utawasaidia kina mama kuzoea. Ukitaka, naweza pia kusimama ndani ya ukumbi badala ya dirishani, nikiwa nimefumba macho.

Neno la mwisho, kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wake na ungependa kujua kama alisahau masomo. Pale barazani alinyoosha mkono wake yeye mwenyewe. Niliushika kwenye kifundo, kama mtu asiyejua, kidole gumba changu kiko wazi kabisa upande wake. Alikitazama. Njia aliijua, na ilikuwa wazi, na mguu wake wa nyuma ulikuwa umesimama vizuri. Akauacha mkono wake pale pale.